Kuchinja Subaru ya turbo Dodoma: kipi kiuzwe pamoja, kipi kiachane

Toyota IST au Noah ukiichinja, yaani ukiifungua uuze spea moja moja, kila kitu kina mteja wake na mteja anajua anachotaka. Anatoka Nkuhungu au Chang'ombe, anachukua taa ya kushoto, analipa, anaondoka. Impreza WRX iliyokwisha kuchezewa ni habari nyingine. Nusu ya vitu si vile vilivyotoka kiwandani, mwenye gari alibadilisha hiki ili kiendane na kile, na anayekuja kununua mara nyingi ana gari ambalo halijawahi kuguswa. Ukimuuzia kipande bila mwenzake, wiki ijayo anarudi nacho mkononi, na haki iko kwake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuamua nini hakiachani na nini. Spana zinasubiri.

Tunazungumzia zaidi Impreza za mwaka 2000 hadi 2007, yaani GDA ambayo ni WRX na GDB ambayo ni STI, zenye injini ya EJ20 ya turbo. Mengi yanahusu pia Forester ya turbo, na mwenye Altezza au Mark II ya 1JZ ataokota ya kwake humu humu.

Liwashe kwanza, lipime, liandike

Karatasi zitangulie. Kadi ya gari, mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa wakili, nakala ya kitambulisho cha aliyeuza. Fungua boneti ulinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta kati ya injini na kabini na ile iliyo kwenye kadi. Kama hazifanani, au panaonekana pamekwanguliwa, liache hata kama bei ni ya kutupa. Spea za gari la wizi zinakufuata hadi nyumbani, na polisi hawaulizi ulinunua kwa nia gani.

Humo humo kwenye boneti kuna bati dogo lenye msimbo wa modeli, injini, giaboksi na rangi. Lipige picha. Msimbo wa giaboksi unaoanza na TY75 ni gia tano, TY85 ni gia sita. Bati hilo linamaliza ubishi mwingi, isipokuwa gari limeshabadilishwa injini, jambo la kawaida kwa magari haya. Kwa hiyo soma pia maandishi yaliyogongwa juu ya bloku, nyuma kule inakoungana na giaboksi. Bati likisema hivi na bloku ikasema vile, mteja auziwe kilichopo kwenye bloku.

Kama injini inawaka, usiishushe kabla ya kuirekodi video. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma zinafaa sana kwa hilo. EJ nyingi zina mlio wa pistoni unaosikika ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, na huo hauzuii mauzo ukiusema mapema. Mlio wa kuogopwa ni ule unaobaki au kuongezeka injini ikiwa ya moto, unaogonga kwa kina ukipandisha kidogo na kuachia mafuta. Hiyo ni beringi ya konirodi. Injini ya hivyo haiuzwi kama injini. Inauzwa hedi, pampu, manifoldi na vya juu, na bloku inauzwa kama bloku ya kufumua, kwa maneno hayo hayo.

Halafu pima kompresheni. Injini ipate moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili, toa relei ya pampu ya mafuta, betri iwe imejaa. Mtu akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni na nafasi ni finyu, kwa hiyo boksi la hewa litoke upande mmoja, betri na tangi la maji ya waipa zitoke upande mwingine. Silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva kwa gari la usukani wa kulia, 2 na 4 upande wa abiria. Mafundi wengi wa EJ huitazama namba 4 kwanza.

Hapa kuna jambo linaloleta ugomvi na wateja wa Dar. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Injini ambayo Dar ingesoma psi 150, hapa inasoma karibu 130. Fundi wa Gerezani akitumiwa picha ya geji anasema injini imekufa. Haijafa. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda: nne zote zikiwa 128 hadi 134, injini ni nzima. Tatu zikiwa 132 na moja 100, pana tatizo la ringi au valvu, na geji ya mji wowote itakuambia hivyo hivyo. Ukituma picha, andika pembeni kwamba ni kipimo cha Dodoma.

Kama gari linatembea, lipeleke mahali penye uwanja wa wazi, ukate usukani hadi mwisho na kuzunguka polepole. Likishikana, likaruka-ruka kama linafungwa breki, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeganda. Pandisha gia ya pili kwenda ya tatu kwa haraka ya kawaida. Ikikwaruza, sinkro imechoka. Mambo haya hayaonekani tena giaboksi ikishalala chini, na mteja makini atayauliza.

Visivyoachana

Kontroboksi iliyotyuniwa, yaani kompyuta ya injini iliyorekebishwa, ni ya injini ile, yenye turbo ile, nozeli zile na sensa ya hewa ile. Tuseme nozeli ni za cc 550. Mtu mwenye Forester anayezinunua peke yake na kuzifunga kwenye gari lake lenye kontroboksi ya kawaida atapata moshi mweusi, plagi zilizolowa, na gari linalokunywa mafuta kuliko lori. Anayenunua kontroboksi peke yake yuko hatarini zaidi, maana inaweza kuipa injini mafuta machache kwenye busti kubwa, yaani turbo ikisukuma hewa nyingi, na hapo pistoni zinapasuka. Sisi tunavifunga pamoja kwenye boksi moja: kontroboksi, nozeli nne, sensa ya hewa, soketi zake, na karatasi inayosema zilitoka na turbo gani. Gari likiwa na immobilaiza, ufunguo na boksi la immobilaiza viingie humo humo, la sivyo mteja ana kipande cha bati kisichowasha kitu.

Wayaringi usikatwe. Fundi mwenye haraka anakata waya pale zinapopita ukuta wa kabini kwa sababu kuchomoa soketi za chini ya dashibodi ni kazi ya nusu siku. Anaokoa nusu siku na kuua mauzo ya injini kamili. Mtu anayehamishia EJ20 kwenye gari lake anataka injini, wayaringi mzima na kontroboksi kwa pamoja, na yuko tayari kulipia. Kila soketi ivae utepe wa karatasi wenye jina: koili 1, koili 2, sensa ya krenki. Kalamu iwe ya wino usiofutika kwa oili.

Giaboksi na difu ya nyuma ni jozi. Subaru inasukuma magurudumu yote manne, na uwiano wa difu ya mbele, iliyo ndani ya giaboksi, lazima uendane na wa nyuma. Uwiano unaokutana nao mara nyingi ni 3.9, 4.111 na 4.444. Mtu akifunga giaboksi ya 4.444 na kubaki na difu yake ya nyuma ya 4.111, ekseli mbili zinavutana muda wote na difu ya katikati inaungua, wakati mwingine kabla hajafika Chalinze. Kupima difu iliyo chini ni rahisi. Weka alama ya chaki kwenye flanji inakofungwa propela, zungusha pande zote mbili za magurudumu kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, hesabu flanji imezunguka mara ngapi. Ikipungua kidogo kufika nne, ni 3.9. Nne na kichembe, ni 4.111. Karibu nne na nusu, ni 4.444. Ukipata nafasi ya kuhesabu meno ni uhakika zaidi: 39 kwa 10, 37 kwa 9, 40 kwa 9. Andika kwa rangi nyeupe juu ya difu na juu ya giaboksi. Muuzaji asiyeandika hana majibu mteja akipiga simu usiku.

Gia sita ya STI ni familia kubwa zaidi. Inakwenda na propela yake, difu ya nyuma ya R180 (WRX ya gia tano inatumia R160 iliyo ndogo), drive shafti za nyuma, na kwa zenye DCCD (difu ya katikati ambayo dereva anaikaza au kuilegeza mwenyewe), kontroboksi yake na swichi ya kwenye kabini. Tunapendelea kuiuza yote kwa mtu mmoja, hata ikibidi kumsubiri miezi miwili. Ukishauza difu ya R180 kwa mwenye haraka, giaboksi iliyobaki inakaa uani ikiota kutu.

Breki za Brembo za dhahabu ndizo kila kijana anaziulizia. Kabla hujataja bei, muulize gari lake lina rimu za inchi ngapi. Diski za mbele ni milimita 326 na za nyuma 316. Chini ya rimu ya inchi 17 hazikai, na hata za 17 zipo ambazo spoki zinagusa kaliper. La pili ni breki ya mkono. Ngoma ya breki ya mkono iliyo ndani ya diski ya nyuma ya STI ni milimita 190, ya WRX ya kawaida ni 170. Akifunga diski za STI kwenye WRX yake, viatu vya breki ya mkono haviigusi ngoma, na gari linateremka peke yake kwenye mwinuko. Anahitaji diski za 316 zenye ngoma ya 170, au abadilishe mfumo mzima wa nyuma. Mwambie hilo kabla hajatoa hela. Akinunua za mbele tu, sawa, zinauzika mbili mbili. Moja moja kamwe.

Ile valvu ya kutoa hewa ya turbo inayopiga kelele ukibadili gia inauzika haraka kuliko kitu chochote, na ndiyo inayorudishwa sana. Subaru hizi zinapima hewa kwa sensa iliyo karibu na boksi la hewa. Hewa ikishapimwa halafu ikatupwa nje, kontroboksi bado inapeleka mafuta ya hewa ile iliyopotea. Matokeo yake ni moshi mweusi kati ya gia na gia, na gari linazima ukisimama kwenye taa. Kama kwenye gari unalochinja valvu ya kiwandani ilihifadhiwa buti au stoo kwa mwenye gari, ifuatilie. Kuna watu wanaitafuta hiyo ya kiwandani kuliko hiyo ya kelele.

Koiliova, yaani shokabu na springi zinazorekebishwa urefu, ziuzwe nne, na mauntingi za juu, na spana zake za kukazia. Hiyo spana iliyopinda inaonekana si kitu, lakini bila yake mteja anagonga ringi kwa patasi na kuharibu nyuzi. Viti vya Recaro viende na reli zake, maana kiti bila reli ni kochi. Kikiwa na eabegi ya ubavuni, chomoa betri na subiri dakika chache kabla ya kugusa soketi yake ya njano.

Rimu zinastahili sehemu yake

Rimu ndizo zinazorudisha mtaji mapema, na ndizo zinazouzwa kizembe. Pima vitu vinne na uviandike kwenye picha: inchi na upana, PCD (idadi ya boliti na kipenyo cha duara lake kwa milimita), tundu la katikati, na ofseti iliyogongwa nyuma ya spoki.

WRX na Forester ni 5x100, tundu milimita 56.1. STI kuanzia toleo la 2005 ni 5x114.3. Premio, Wish na Caldina nyingi ni 5x100 pia, na haba yake, kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu, ni 54.1, kwa hiyo rimu ya Subaru inaingia ikiwa na nafasi ya milimita mbili hivi. Inahitaji ringi ya kuziba nafasi hiyo, vinginevyo usukani unatetemeka kuanzia spidi ya 80 na mtu anafanya balansi tairi mara tatu bila kujua tatizo. Altezza, Mark II na Mark X ni 5x114.3, lakini haba yake ni 60.1. Rimu ya kiwandani ya STI haiingii pale hata ukiigonga. Rimu nyingi za kununua, kama za Rays na Enkei, zina tundu kubwa la milimita 73 au zaidi na ringi ndani. Ringi zikipotea, zitaje kwamba hazipo.

Nati nazo. Subaru ni 12x1.25, Toyota ni 12x1.5. Nati ya Subaru kwenye stadi ya Toyota inaingia mizunguko miwili, inashika, kijana wa tairi anaweka mashine ya upepo, na stadi imekwisha. Tunauza rimu za Subaru kwa mwenye Toyota bila nati, kwa makusudi.

Kuhusu feki: alama za ubora za JWL na VIA zinatakiwa ziwepo kwenye rimu za Kijapani, ila kopi nazo siku hizi zinagongwa JWL, kwa hiyo alama peke yake si ushahidi. Ipime uzito, tazama usafi wa maandishi nyuma ya spoki, angalia kama vipimo vimegongwa kwenye chuma au ni stika tu. Ukiwa na shaka, iuze kama kopi. Kopi ina wateja wake na haina aibu.

Kuishusha

Oili zitoke zote kabla ya kitu kingine: injini lita nne na ushee, giaboksi lita tatu na nusu hadi nne pamoja na difu ya mbele, difu ya nyuma chini kidogo ya lita moja kwa R160. Ziingie kwenye madumu yenye vifuniko. Ardhi ya Dodoma inanyonya oili haraka na visima vya watu haviko mbali.

Ndani ya gari panatangulia, mikono ikiwa bado safi: viti, usukani, geji za ziada, dashibodi. Halafu taa, bampa, boneti, milango. Rimu zitoke mwisho kabisa, vinginevyo gari halisukumiki na limekufungia uwanja.

Kuna mtego mmoja wa klachi ambao umevunja bel hauzi nyingi. Giaboksi nyingi za turbo za miaka hii zina klachi ya kuvuta, siyo ya kusukuma. Umelegeza boliti zote, umeitingisha injini, inatoka inchi moja na kugoma. Watu wanachukua mtaimbo. Usichukue. Juu ya bel hauzi kuna plagi ya chuma inayofunguliwa kwa alenki ya milimita 10. Ifungue, utaona mwisho wa pini ya uma wa klachi wenye tundu la nyuzi. Penyeza boliti ya M6, ivute, pini itoke, uinue uma ujinasue kwenye beringi. Injini inatoka yenyewe. Pini ile irudishe mahali pake na plagi yake, mteja asipoipata ni tabu.

Turbo ikishatoka, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwenda pembeni ikiwa kavu ni kawaida, alimradi visu havigusi ukuta. Kucheza mbele na nyuma kusisikike kabisa. Tazama ncha za visu vya upande wa hewa: vumbi la kwetu linavila taratibu kwa magari yaliyofungwa filta za wazi, na ncha zinakuwa za duara. Kwenye bomba la oili linaloingia turbo, boliti moja ina kichujio kidogo cha waya, na kikiziba turbo inakufa kwa ukavu. Kitoe, kisafishe, umwambie mteja akamwagie turbo oili kabla ya kuwasha. Turbo mbili zikifa mfululizo kwenye gari moja, tatizo liko kwenye bomba hilo au kwenye injini iliyosaga beringi, wala siyo kwenye turbo uliyouza.

Kila tundu lizibwe siku hiyo hiyo kwa nailoni na gundi ya karatasi: potii za hedi, midomo ya turbo, tundu za drive shafti. Usizibe kwa vitambaa, maana kimoja kitasahaulika ndani. Kiangazi cha Mei hadi Novemba upepo hapa unabeba mchanga mchana kutwa, na injini iliyokaa wazi wiki moja imeshakuwa ya kufumua. Viti, dashibodi na usukani visikae juani.

Boliti ziingie kwenye mifuko yenye jina la zilikotoka. Mteja akipata intakula na boliti zake zote, haombi punguzo.

Wateja na bei

Bei haitokani na alicholipa mwenye gari wa kwanza. Koiliova zilizoagizwa Japani kwa pesa nyingi zinauzwa kwa kile mwenye Impreza wa leo anachoweza, na wenye Impreza walio tayari kuteremsha gari kwa barabara za mitaa ya Nkuhungu si wengi. Soko la vitu vya urembo na kasi liko Dar, Arusha na Mwanza. Hapa kinachotembea ni vya kawaida: taa, sait mira, rejeta, drive shafti, mikono ya chini, oltaneta, kompresa ya AC. Tangu serikali ihamie, barabara ya kwenda Mtumba imejaa Forester, na Forester inakubali vingi vya Impreza. Ajabu ya gari hili ni kwamba vile vitu vya kiwandani alivyovitoa mwenye gari na kuvitupa stoo vinauzika haraka kuliko alivyoviweka. Ulizia stoo.

Tuseme gari limekufikia kwa milioni 7. Rimu, taa, viti na vitu vidogo vya Forester virudishe mtaji huo mapema, ili injini na giaboksi viweze kusubiri mteja wa kweli. Ukianza kwa kuuza injini kwa bei ya njaa, hutapata cha kukuinua tena.

Picha zipigwe asubuhi au jioni kivulini, chini pawe turubai safi. Pande nne, namba ya spea, soketi, na karibu kabisa pale penye kasoro. Bei iandikwe. Hata hivyo ujumbe wa kwanza utakuwa "Mkuu, bei ya mwisho?" Anayeuliza hivyo kabla ya kusema ana gari gani, mjibu kwa swali la gari gani. Mnunuzi wa kweli anataja mwaka na modeli.

Dhamana iandikwe kwenye risiti, na kama unatakiwa na TRA kutumia mashine ya EFD, risiti itoke humo. Injini na giaboksi tunatoa siku saba baada ya kufungwa, kwa kugonga na kuvujisha oili tu. Vya umeme havirudi, kwa sababu kontroboksi iliyounguzwa na fundi umeme wa mtaani inafanana kabisa na iliyokuwa mbovu. Kila kinachotoka kipate doa la rangi mahali pasipoonekana. Kuna watu wananunua oltaneta nzima Jumatatu na kurudisha ya kwao iliyoungua Alhamisi, na doa linamaliza mazungumzo bila kupandisha sauti.

Kwa mikoani, mabasi yanabeba. Hakuna oili hata tone, maana kondakta akiona mzigo unalia anaushusha Morogoro. Turbo kwenye boksi gumu lenye nguo kuukuu. Injini ifungwe kwa boliti juu ya mbao na iende kwa lori, si kwa buti ya basi. Taa za xenon zitolewe balasti na zifungwe mbali na kioo. Piga picha ya mzigo ukiwa ofisi ya basi pamoja na stakabadhi. Hela ionekane kwenye salio kabla mzigo haujaondoka. Ujumbe wa simu peke yake si hela, hata ukiwa na jina la M-Pesa juu yake. Mteja asiyekuamini ana haki, mwambie amtume fundi wake wa hapa Dodoma aje akague.

Bodi iliyobaki

Kitakachobaki ni bodi, waya, na vyuma. Shaba ya waya na alumini viuzwe mbali na chuma, na katalitiki kama ipo isiende kwa bei ya kilo. Mnunuzi wa chuma chakavu awe na kibali cha mamlaka ya mazingira, akuandikie uzito na namba ya gari. Kadi irudi TRA gari lifutwe kwenye usajili, ili lisiendelee kusomeka kwa jina lako au la aliyekuuzia.

Atakuja mtu, huwa anakuja, akitaka kipande cha bati chenye namba ya chesisi pamoja na kadi, kwa bei nzuri kuliko ya injini. Ana gari jingine lisilo na karatasi. Tunaikata ile sehemu kwa greinda mbele ya mnunuzi wa chakavu, tunaigonga nyundo hadi namba zisisomeke, na inapanda mizani pamoja na vyuma vingine.